Mwalimu Klachi Alivyomulikwa Tumbo

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limeandikwa mlangoni mwa ofisi yake, lakini hakuna mtu aliyelitumia. Kwa wanafunzi alikuwa Mwalimu Klachi, maana hilo ndilo neno lililomtoka kinywani kuliko jingine lolote. Alifundisha udereva. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja nyuma ya kituo cha mafuta, chenye meza, viti vinne vya plastiki na mchoro mkubwa wa alama za barabarani uliopaushwa na jua mpaka nyekundu ikawa waridi. Nje lilikaa gari la kufundishia, dogo, jeupe, lenye pedali ya pili ya breki upande wa mwalimu. Pedali hiyo ilikuwa imelika mpira wote, imebaki chuma kitupu.

Alipenda kusema kwamba nusu ya madereva wa mji ule amewafundisha yeye, na nusu nyingine wanajulikana wenyewe barabarani.

Hakuwa mtu wa kutukana. Mwanafunzi akikosea, sauti ya mwalimu haikupanda, ilishuka, na hapo ndipo alipoanza kumwita mheshimiwa. "Mheshimiwa," angesema kwa upole wa kutisha, "hilo unaloliendea ni ukuta." Watu walicheka baadaye, wakishapata leseni. Wakati wenyewe hakuna aliyecheka.

Mkewe alikuwa mwokaji wa keki. Jiko lake lilikuwa chumba cha pembeni cha nyumba yao, na keki zake za ghorofa mbili na tatu zilikwenda kwenye harusi, sikukuu za kuzaliwa na mahafali. Miaka iliyopita aliwahi kukubali kufundishwa gari na mumewe. Siku ya somo la tatu, kwenye makutano yenye magari mengi, aliitwa mheshimiwa. Alizima injini palepale, akamkabidhi mumewe funguo, akarudi nyumbani kwa miguu. Tangu siku hiyo habari ya yeye kushika usukani haikutajwa tena ndani ya nyumba. Keki zilipelekwa na mwalimu mwenyewe, mkewe amezipakata, mwalimu akiwafokea madereva wengine njia nzima.

Tumbo lilianza kumsumbua kidogo kidogo. Kwanza ilikuwa kiungulia baada ya chai. Halafu yakaja maumivu ya kuchoma chini ya chembe cha moyo, hasa njaa ikimkamata, na yalikuwa yakimwamsha usingizini. Akawa anatembea na vidonge vya kutafuna vya kupoza asidi mfukoni kama mtoto mwenye peremende. Mshipi wake wa suruali ulihama tundu moja, kisha la pili. Mkewe aliona mashati yanavyomning'inia, akamwambia aende hospitali. Mwalimu alijifanya hamnazo. Alisema ni uchovu, halafu akasema ni maharage, na maharage yalipoachwa jikoni akasema ni hali ya hewa.

Kilichomvunja nguvu ni mwanafunzi. Alikuwa bibi mmoja mstaafu, mwoga wa gari kupita wote aliowahi kuwafundisha, ambaye kwa wiki nyingi hakuwa amefanikiwa kuegesha hata mara moja bila kupanda ukingo. Siku hiyo walipokuwa wakikaribia mzunguko, maumivu yalimbana mwalimu akajikunja hadi paji la uso likagusa dashibodi, jasho linamtoka. Yule bibi aliwasha taa ya ishara, akaangalia kioo, akatoka barabarani, akaegesha sambamba na ukingo kama aliyepima kwa rula.

Mwalimu alipopata kuinua kichwa, alitazama nje ya dirisha, akaona gari lilivyokaa. Alimpongeza. Kisha akamwomba amfikishe hospitali.

Daktari wa matumbo alikuwa mama wa makamo, mwenye kucha fupi na sauti ya mtu asiye na haraka. Alimbonyeza tumbo, akamuuliza maswali mengi, akamwambia damu yake imepungua kidogo na kwamba hawezi kumpa dawa za kubahatisha.

"Nataka nione mwenyewe ndani," alisema. "Tunapitisha mpira mwembamba wenye kamera mdomoni, unateremka kooni, unafika tumboni na mwanzo wa utumbo mdogo. Kazi yenyewe ni ya dakika chache."

Habari ya mpira ule mwalimu alikwisha kuisikia. Fundi matairi wa pale kituo cha mafuta alikuwa na shemeji yake aliyefanyiwa, na kwa maelezo ya fundi, mpira ulikuwa mnene kama wa kumwagilia bustani, na shemeji alipigana na wauguzi kama mtu anayezama.

"Sasa na mpira uko kooni," aliuliza hatimaye, "nitapumulia wapi?"

Daktari hakucheka. Alichora kwenye kipande cha karatasi njia mbili zinazoshuka shingoni, akamwonyesha kwamba ya hewa iko mbele na ya chakula iko nyuma yake, na kwamba mpira unapita ya chakula tu. Utapumua kama kawaida, alimwambia, kwa pua au kwa mdomo, na kidoleni utabanwa kidude kinachotuonyesha muda wote kwamba hewa inakutosha. Kuhusu unene, alinyoosha kidole chake kidogo. Mwalimu alikitazama kile kidole kwa muda mrefu, akaridhika kwamba si mpira wa bustani.

Yalifuata maswali ya dawa. Ana kisukari? Anatumia dawa za kuzuia damu kuganda? Kuna dawa inayomdhuru? Mwalimu alijibu hapana, hapana, hapana, ila za shinikizo la damu anameza kila asubuhi. Daktari akasema hizo azimeze kama kawaida na funda moja la maji. Hakuna nyingine? Hakuna, alisema mwalimu. Kisha, akiwa ameshafika mlangoni, akataja kama jambo la kando kwamba kwa ajili ya mgongo, kutokana na kukaa garini kutwa, huwa anatupia vidonge viwili vitatu vya maumivu.

"Kila siku?"

"Siku za kazi."

"Na siku zisizo za kazi?"

Mwalimu alifikiri. "Hizo pia."

Daktari alimrudisha kwenye kiti. Alimweleza kwamba vidonge vile vinaweza kuchubua tumbo mpaka likatoa damu, na kwamba hilo lilikuwa jambo la kwanza alilopaswa kulisema, si la mwisho. Aviache leo hii. Na vile vya kutafuna vya kupoza asidi navyo aviweke kando mpaka kipimo kipite, maana vinaweza kuwaficha ugonjwa wanaoutafuta.

Muuguzi wa chumba cha kipimo ndiye aliyempa masharti mengine. Usiku wa kuamkia kipimo ale chakula chepesi mapema, na baada ya hapo asitie kitu kinywani, si mkate, si maziwa, si chai, kwa sababu tumbo lenye chakula halionekani vizuri, na mtu aliyelala akitapika, matapishi yanaweza kumwingia mapafuni. Maji matupu mafunda machache ruksa, lakini yakome saa mbili kabla ya kipimo. Halafu akamwambia achague. Wapo wanaopuliziwa tu dawa ya ganzi kooni, wakafanyiwa wakiwa macho, na kuondoka baada ya muda mfupi. Wapo wanaochomwa sindano ya kusinzisha, hao hawasikii mengi na hawakumbuki mengi.

Mwalimu alichagua sindano kabla sentensi haijaisha.

"Basi uje na mtu mzima wa kukurudisha nyumbani na kukaa nawe," alisema muuguzi. "Hutaendesha gari mpaka kesho yake."

Mwalimu alimweleza kwa upole kwamba yeye ni mwalimu wa udereva, ana leseni ya madaraja yote, na amewahi kuendesha lori lisilo na breki kuteremka mlima. Muuguzi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba dawa haijui leseni. Mtu akichomwa sindano ile anajiona yuko timamu kumbe akili bado imelala nusu, na asipokuja na mtu, hachomwi.

Jioni ya siku moja kabla, mwalimu alikuwa bado hajapata mtu. Mwenzake wa ofisini alikuwa na wanafunzi wa kufanya mtihani. Mkwewe, mume wa binti yake wa mji mwingine, alikuwa safarini. Alikaa mezani jikoni, amemaliza supu yake nyepesi, akimweleza mkewe mpango mpya: wataenda pamoja, yeye ataendesha kwenda, kisha watasubiri hospitalini mpaka akili iamke nusu ya pili, halafu ataendesha kurudi, taratibu, kwa barabara za ndani.

Mkewe alikuwa akipaka sukari ya kupambia keki. Alizungusha keki, akalainisha upande wa pili, akasema, "Nitakuendesha mimi."

"Kwa leseni gani?"

"Yangu. Ninayo tangu mwaka juzi."

Mwalimu alimtazama kama mtu aliyeambiwa kwamba nyumba yake ina chumba ambacho hajawahi kukiona. Mkewe aliendelea na kazi yake huku akieleza. Keki zilikuwa zinamharibikia magotini kwa jinsi mwalimu alivyokuwa akifunga breki kila anapoona kosa la mtu. Akaenda kujiandikisha kwenye shule ya upande wa pili wa mji, ile ya yule mwanamama ambaye mwalimu humwita mpinzani. Alifundishwa asubuhi, mwalimu akiwa kazini. Alifaulu mara ya kwanza. Na tangu hapo, siku mwalimu anapokwenda kazini na gari la shule, lile la nyumbani lilikuwa likitoka na keki na kurudi bila keki, na mwalimu hajawahi kushtuka ila mara moja, alipolalamika kwamba siku hizi mafuta yanakwisha haraka.

"Yule mama hufundisha vipi?" aliuliza mwalimu. Ndilo swali pekee lililomjia.

"Haniiti mheshimiwa."

Mwalimu alipoinuka kwenda kulala, alisimama mlangoni, akasema kwamba siku ile ya makutano alikosea, na kwamba alijua amekosea kabla hata mama watoto hajafika nyumbani. Mkewe alimwambia akalale, kesho ana safari.

Asubuhi alimeza kidonge chake cha shinikizo na funda la maji, akaingia garini upande ambao, katika gari hilo, hakuwahi kukaa. Mkewe alivuta kiti, akarekebisha vioo, akafunga mkanda, akatoka getini kinyumenyume bila kugusa chochote. Gari la nyumbani halikuwa na pedali ya pili. Mguu wa kulia wa mwalimu haukujua hilo. Kila kwenye kona ulikandamiza zulia. Mara moja alifungua kinywa kusema neno lake, akakumbuka kwamba gari lao ni la otomatiki, halina klachi, akafumba.

Chumba cha kipimo kilikuwa kidogo, safi, chenye kitanda cha magurudumu na runinga iliyoning'inizwa ukutani. Mwalimu alibadilishiwa nguo, akavishwa gauni linalofungwa mgongoni. Daktari alimweleza tena kila hatua, pamoja na hatari zake, ambazo alisema ni nadra: damu kidogo mahali watakapochuna kipande cha nyama, au, mara chache sana, kutoboka. Mwalimu alitia sahihi. Muuguzi akamuuliza kama ana meno ya bandia.

Hapo alisita. Alimwangalia mkewe aliyekaa kwenye kiti karibu na mlango, akaangalia dari. Akasema meno yake hayana shida.

"Ana mawili ya mbele, ya juu," alisema mkewe. "Yanatoka pamoja."

Meno yale alikuwa ameyaweka kabla ya kuoa. Miaka yote ya ndoa aliyaosha amejifungia bafuni, na aliamini hata watoto wake hawajui. Mkewe alimwambia muuguzi, si mumewe, kwamba aliyaona wiki ya kwanza ndani ya glasi, akaona haya kuyataja, na kadiri miaka ilivyopita ikawa hakuna pa kuanzia. Muuguzi alileta kikombe kidogo. Mwalimu aliyatoa, akayatia humo, na alipojaribu kusema kitu kikatoka filimbi. Wakacheka wote watatu, na yeye ndiye aliyecheka kuliko wote, kwa sababu hofu ilikuwa imetafuta mlango wa kutokea.

Mkewe akaombwa asubiri nje. Dawa ya ganzi ilipuliziwa kooni. Ilikuwa chungu, na kwa muda mfupi mwalimu aliona kama koo limevimba na mate hayamezeki. Muuguzi alimwambia ndivyo inavyokuwa, koo halijavimba, limelala tu, na mate ayaache yatoke, kuna kimrija cha kuyanyonya. Alilazwa kwa ubavu wa kushoto, magoti amekunja, kidude cha plastiki chenye tundu katikati kikawekwa kati ya meno ili asiung'ate mpira. Sindano ikaingia kwenye mshipa wa mkono. "Pumua taratibu," alisikia sauti, na mkono wa muuguzi ukawa begani mwake.

Alichokumbuka baadaye kilikuwa kidogo mno. Kitu kilichosukuma nyuma ya ulimi, kutaka kutapika mara moja, mara mbili, sauti ikimwambia avute pumzi, tumbo likijaa hewa kama mpira wa miguu. Alibeua mbele ya madaktari na wala hakuona haya. Kwenye runinga aliona kitu cha waridi kinachong'aa, kama njia ya chini ya barabara iliyomwagiwa maji. Basi.

Alipozinduka alikuwa kwenye chumba kingine, amefunikwa shuka, mkewe pembeni.

"Tumeanza?" aliuliza.

"Tumeshamaliza."

Alifumba macho, akayafumbua. "Tumeanza?"

Aliuliza mara nne. Muuguzi alikuja kukisogeza kitanda chake karibu na dirisha, na mwalimu, macho yamefumba, akamshauri kwa sauti nzito ashike usukani kwa mikono miwili na aangalie kioo cha kulia. Mgonjwa wa kitanda cha jirani, aliyekuwa akingoja zamu yake huku ameshika tama, aliangua kicheko, na uso wake haukurudi tena kwenye ile huzuni.

Daktari alipita kueleza alichokiona, na alimweleza mkewe zaidi kuliko mgonjwa, kwa kuwa alijua mgonjwa hatabaki na neno hata moja. Mkewe alisikiliza, akauliza, akarudia kwa maneno yake mwenyewe mpaka daktari akatikisa kichwa kukubali. Kwamba asile wala asinywe mpaka ganzi iishe, asije akapaliwa. Aanze na maji kidogo, yakipita vizuri ndipo ale kitu laini. Kwamba koo linaweza kuwasha na tumbo kujaa gesi, hayo yatapita. Lakini akitapika damu, akipata choo cheusi kama lami, homa, maumivu makali ya kifua au tumbo, au akishindwa kumeza au kupumua vizuri, warudi hospitali saa hiyohiyo, wasingoje kupambazuke. Na kwamba leo asiendeshe gari, asinywe pombe, asitie sahihi mkataba wowote.

Njiani kurudi nyumbani mguu wa mwalimu haukukandamiza zulia. Kabla hawajavuka daraja alikuwa anakoroma, meno yake yamerudi mahali pake, kichwa kimeegemea kioo. Mkewe alipunguza mwendo kwenye matuta ili asimwamshe.

Jioni, akinywa uji wa vuguvugu kwenye kochi, ndipo alipotaka kujua kamera imeona nini. Mkewe alimpa habari zote. Mwanzo wa utumbo mdogo kulikuwa na kidonda, kidogo, chekundu, na ukuta wa tumbo ulikuwa umevimba. Hakukuwa na uvimbe mwingine wa kutisha. Walichuna vipande viwili vya nyama, vidogo kama chembe ya mchele, kwenda kupimwa.

"Mbona sikusikia wakichuna?"

"Tumbo halisikii kuchunwa, daktari alisema. Na wewe ulikuwa unafundisha udereva."

Majibu yalionyesha bakteria wale wanaoishi tumboni na kuleta vidonda. Mwalimu alipewa dawa za wiki mbili, za aina kadhaa kwa mkupuo, akaonywa asikatishe hata akijisikia mzima. Zilimwachia ladha ya chuma mdomoni, lakini alizimaliza. Vidonge vya mgongo havikurudi. Badala yake, kati ya mwanafunzi mmoja na mwingine, alishuka garini akazunguka kituo cha mafuta akijinyoosha viungo, wapiga debe na wauza magazeti wakimtania. Baada ya wiki kadhaa alirudishwa kupimwa kama bakteria wamekwisha. Walikuwa wamekwisha.

Fundi matairi alitaka kusikia kila kitu, hasa upande wa kupigana. Mwalimu alimwonyesha kidole kidogo, akamweleza njia ya hewa na njia ya chakula, akakiri kwamba dakika moja ya kwanza si tamu, na kwamba kilichobaki hakijui. Akaongeza kwamba kama angeficha vidonge vyake vya mgongo mpaka mwisho, hata kamera isingemsaidia sana. Fundi alisikiliza huku anazungusha spana. Kisha, kwa sauti ya mtu anayeulizia habari za jirani, akauliza yule daktari hupatikana siku gani.

Mwezi uliofuata binti yao, anayeishi mji mwingine, alijifungua mtoto wa kike, na wakaenda kumwona. Waligawana safari. Mkewe aliendesha nusu ya kwanza, keki ya kumkaribisha mtoto imepakatwa na mwalimu kiti cha pembeni, ndani ya boksi. Ilifika nzima, hata ua moja la sukari halikudondoka, na mwalimu aliibeba mwenyewe mpaka mezani kwa binti yake, akala vipande viwili, akangoja tumbo liseme neno. Halikusema kitu. Akaomba cha tatu.